Barua ya wazi kwa viongozi wa Kigoma: siasa za chuki hazianzii ikulu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya za Kigoma, Uvinza, Buhigwe, Kasulu, Kibondo na Kakonko, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri, madiwani, watendaji wa kata na vijiji.

YAH: DALILI ZA KUPANDA KWA SIASA ZA CHUKI NA WAJIBU WA OFISI ZENU

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa walimu wa historia na uraia katika shule za sekondari za mkoa huu. Somo tunalolileta kwenu tunalifundisha kila mwaka, lakini wanaolihitaji zaidi hawamo darasani. Wako ofisini, wana mihuri, wanasaini vibali na kuketi kwenye kamati za usalama. Somo lenyewe ni jinsi kikundi cha siasa za chuki, kinachoanza kikiwa kidogo na cha kupuuzwa, kinavyofika kushika dola katika nchi iliyofukarika.

Kigoma si mahali pa kulichukulia jambo hili kuwa la mbali. Tangu 1972 mkoa umekuwa ukipokea waliokimbia, kwa miguu kupitia Manyovu na Mabamba, na kwa mitumbwi kupitia Ziwa Tanganyika. Kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996. Mwaka 2015 ufukwe mdogo wa Kagunga ulijaa makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache, kipindupindu kikafuata. Tumezoea kushughulikia mwisho wa mambo: mahema, maji, unga, chanjo. Miaka iliyotangulia mwisho huo, ambayo mkuu wa eneo mwenye macho angeweza bado kufanya kitu, hatuizungumzi vya kutosha.

Tunachotaka kusema ni kimoja. Kikundi cha namna hiyo hakiichukui nchi kwa nguvu zake chenyewe. Hukabidhiwa, kipande kwa kipande, na watu wa kawaida wa serikali na wa vyama, kila mmoja akidhani anatatua tatizo lake dogo la siku hiyo. Rwanda, ya mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994, ndiyo mfano ulio karibu nasi na uliochunguzwa zaidi, kwa kuwa ushahidi wake ulisikilizwa hapahapa nchini, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa Novemba 1994 na kuwekwa Arusha.

Tuanze na tumbo. Rwanda ilitegemea kahawa kwa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei ya dunia ikashuka karibu nusu. Novemba 1990 serikali ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi cha asilimia 40 kama sehemu ya masharti ya mikopo. Mkulima akapata pungufu kwa kahawa yake na kulipa zaidi kwa chumvi, mafuta ya taa na ada. Wapo waliong'oa mibuni wapande ndizi na viazi ingawa sheria iliwakataza. Wakati huohuo vita na waasi wa RPF vilikuwa vimeanza tarehe 1 Oktoba 1990, jeshi likaongezwa haraka, na watu wa kaskazini wakahama mashamba yao kwa mamia ya maelfu.

Lakini njaa peke yake haitoshi, na hapa tunaomba msituelewe vibaya. Bei ileile iliwaangukia wakulima wa Kagera, wa Kilimanjaro na wa Kigoma kwetu. Hawakugeukiana na mapanga. Tofauti ilikuwa kwamba Rwanda, kabla ya njaa, tayari ilikuwa na kitu cha kuipa njaa jina la mtu. Kitambulisho cha kila mwananchi kiliandikwa kabila lake, utaratibu ulioanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930 na kuendelezwa na serikali huru. Nafasi za shule na kazi ziligawanywa kwa hesabu ya kabila. Mkataba wa amani wa Arusha kati ya serikali na RPF, wa 4 Agosti 1993, ulikubali kwamba maandishi hayo yafutwe kwenye hati, lakini hayakufutwa. Miezi minane baadaye kadi hiyohiyo ndiyo ilikuwa ikikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Sisi sensa yetu iliacha kuuliza kabila baada ya 1967. Ni uamuzi mdogo wa kiofisi ambao haujawahi kupigiwa makofi, na thamani yake ni kubwa mno.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza linahusu orodha. Tarehe 11 Januari 1994 mkuu wa kikosi cha Umoja wa Mataifa mjini Kigali, Jenerali Roméo Dallaire, alituma taarifa New York kwamba mtu wa ndani amemweleza juu ya wanamgambo 1,700 waliofunzwa na kutawanywa jijini, na kwamba walikuwa wameagizwa kuandikisha Watutsi wote wa Kigali. Aliomba ruhusa ya kukamata silaha zilizofichwa, akakataliwa. Silaha zilionekana kuwa ndiyo habari kubwa. Habari kubwa zaidi ilikuwa uandikishaji, kwa sababu bila majina na nyumba wauaji wangehangaika.

Mkoa wetu una udhaifu wake hapa. Kiha na Kirundi vinasikilizana, ndoa zimevuka mpaka kwa vizazi, na Mha akisafiri mikoa mingine huulizwa uraia wake kwa sababu ya lafudhi. Operesheni Kimbunga ya 2013 dhidi ya wahamiaji haramu katika Kagera, Geita na Kigoma iligusa hata watu waliokuwa wameishi hapa miongo kadhaa. Hatusemi mpaka uachwe wazi. Kazi ya uhamiaji ni halali na ni ya lazima. Tunachoomba ni kwamba ifanywe na maofisa wa Uhamiaji wenye vitambulisho, kwa mtu mmojammoja, kwa nyaraka, na kwa nafasi ya kukata rufaa. Mtendaji wa kijiji asimwagize mwenyekiti wa kitongoji alete majina ya "wasio wenyeji" kwa kukisia sura, ukoo au lafudhi. Orodha ya namna hiyo ikishaandikwa haijifuti yenyewe. Itakaa kwenye daftari ikimngoja mtu mbaya. Kama zipo ofisini, ziletwe wilayani, zichunguzwe, ziharibiwe kwa kumbukumbu rasmi.

La pili ni vijana, na hapa tutakaa kidogo. Interahamwe hawakuanza wakiwa wauaji. Walianza kama vijana wa chama tawala cha MRND, na baadhi ya mizizi yao ilikuwa kwenye vilabu vya mpira wa miguu. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1991, kila chama kilitaka vijana wa kujaza mikutano, kubeba bendera, kuzuia wapinzani wasipite. Wapinzani nao walikuwa na vijana wao, na walifanya fujo pia. Kijana asiye na shamba, kwa sababu ardhi ya baba ilikuwa imegawanywa mpaka imebaki kipande kisichomtosha hata kujenga, alipata bia, kofia, nauli na heshima. Heshima ndiyo iliyomshika kuliko bia. Kuanzia 1992 baadhi yao walianza kupewa mafunzo ya kijeshi. Mipaka iliyovukwa ilikuwa mitatu na ilivukwa kwa mpangilio: kwanza kundi lilipewa kazi ya kulinda mkutano, kisha likapewa ruhusa ya kumpiga mtu bila kushtakiwa, kisha likapewa silaha. Mpaka wa pili ndio wa hatari kuliko yote. Kijana aliyempiga mtu hadharani na kesho yake akapita mbele ya kituo cha polisi bila kuulizwa amekwisha kufundishwa kwamba sheria ni ya wengine.

Tunaomba, basi, mambo yanayotekelezeka. Kikundi chochote cha ulinzi kijijini, kiitwe ulinzi shirikishi au sungusungu, kiwe na daftari la majina lililosainiwa na mkuu wa polisi wa wilaya, zamu zilizoandikwa, na amri kwamba aliyekamatwa anafikishwa kituoni mara moja bila kuguswa. Vijana wa chama, cha tawala au cha upinzani, wasipewe kazi ya ulinzi kwenye kampeni, hata kwa kujitolea. Na kesi ya shambulio iliyofanywa na kijana wa kundi lenye nguvu ifuatiliwe na kamati ya usalama ya wilaya kwa namba yake ya jalada mpaka hukumu. Kesi moja ikifikishwa mwisho inafundisha kuliko semina kumi.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kijana mwenyewe anakula nini. Halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tunaomba majina ya vikundi vilivyopata, kiasi na tarehe ya marejesho yabandikwe kwenye ubao wa kata, kila kata. Mkopo unaogawiwa gizani kwa vijana wa mtu fulani hujenga jeshi lake kwa fedha za umma. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kusudi lilikuwa samaki wazaliane, na tunaliunga mkono. Ila miezi mitatu ni mirefu kwa mbeba makasia, mchuuzi wa dagaa na mama anayeanika migebuka. Fungeni ziwa, lakini mikopo na kazi za muda za barabara zitoke kabla ya tarehe ya kufunga.

Vivyo hivyo kwa kahawa ya Kalinzi, mawese na tumbaku. Mkulima anaweza kuvumilia bei mbaya akiijua imetoka wapi. Asichovumilia ni makato asiyoyaelewa. Kila AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) ibandike siku ya malipo: uzito, daraja, bei ya mnada, makato moja moja, na kilichobaki mkononi. Mahali ambapo hesabu hiyo haipo, atakuja mtu na kuileta ya kwake, na ndani yake kutakuwa na jina la jirani.

Sasa redio. Gazeti la chuki la Rwanda, Kangura, lilianza Mei 1990, na Desemba mwaka huohuo likachapisha zile "amri kumi" zilizomkataza Mhutu kuoa, kushirikiana kibiashara au kumhurumia Mtutsi. Nakala zake hazikuwa nyingi. Kilichowafikia watu wa vilimani ni redio. Tarehe 3 Machi 1992 redio ya taifa ilisoma mara kadhaa karatasi ya kughushi iliyodai kwamba kuna mpango wa kuwaua viongozi wa Kihutu. Mauaji yakaanza Bugesera mara baada yake, mamia wakafa. Mkuu wa habari aliondolewa kazini, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Waliopanga walijifunza kwamba jambo linawezekana na kwamba halina gharama.

RTLM, redio ya watu binafsi, ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na haikuanza kwa kutukana. Ilianza kwa muziki wa Kikongo, utani, salamu, watu kupiga simu na kusikika hewani, wakati redio ya taifa ilikuwa ya hotuba. Ilipendwa kwanza. Sumu ilizidi baada ya Oktoba, wasikilizaji wakiwa wameshazoea sauti za watangazaji kama za marafiki. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliwaandikia wenye redio barua ya onyo tarehe 25 Oktoba 1993. Akawaita kikaoni 26 Novemba, na tena 10 Februari 1994. Mara zote walisikiliza, wakarudi studio, wakaendelea. Tarehe 7 Aprili 1994 aliuawa. Tunalitaja hili kwa urefu kwa sababu ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote: onyo lisilo na tarehe ya mwisho wala adhabu. Anayeonywa mara tatu bila kitu kufuata anatoka kikaoni akiwa na nguvu kuliko alivyoingia.

Hatuombi redio za jamii za Kigoma zibanwe. Redio iliyobanwa inahamisha maneno kwenda kwenye makundi ya simu ambako hakuna mhariri. Tunaomba kila kituo kirekodi na kuhifadhi vipindi vyake vya kupiga simu na vya siasa, kiwe na mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, na malalamiko yanayohusu kabila, dini au uraia wa kundi yapelekwe TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) yakiwa na tarehe, saa na maneno yenyewe. Mpaka ni huu: kumlaumu kiongozi kwa jina na kwa kitendo ni haki, hata kwa ukali. Kumwita jirani mdudu kwa sababu ya alikozaliwa ni mwanzo wa kuua. Tunawasihi sana msivichanganye viwili hivi. Mkuu anayemkamata mkosoaji na kumwacha mchochezi anawafundisha watu kwamba mchochezi ndiye mwenye serikali.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kukabidhiwa kwenyewe. Watu hudhani siasa kali hushinda kwa sababu zina wengi. Angalieni Ujerumani, ambayo ilikuwa taifa la viwanda lakini lililovunjwa na mdororo: wasio na kazi walifika karibu milioni 6 mwanzoni mwa 1932. Chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura mwaka 1928, 18.3 mwaka 1930, na 37.3 Julai 1932. Novemba 1932 kilishuka hadi 33.1, kikapoteza kura milioni 2 hivi. Kilikuwa kinateremka. Walioketi karibu na Rais Hindenburg, Franz von Papen akiwa mbele, ndio waliomshawishi ampe Hitler ukansela tarehe 30 Januari 1933, wakihesabu kwamba ndani ya baraza lenye Wanazi watatu tu watamdhibiti. Julai mwaka uleule hakikuwapo chama kingine halali.

Rwanda ilikuwa vivyo hivyo kwa njia yake. Mkataba wa Arusha uliwapa MRND wizara 5 kati ya 21, RPF 5, na vyama vingine zilizobaki. CDR, chama cha chuki kilichoundwa 1992, hakikupata wizara. Wakubwa waliozoea kugawa vyeo waliona mwisho wao, na maelfu ya askari waliona wanarudishwa vijijini bila kazi. Kisha tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura Juni mwaka huo, aliuawa na wanajeshi. Siku mbili baadaye, kwenye mkutano Nyamirambo, Froduald Karamira wa chama cha MDR, chama cha upinzani, alitangaza umoja wa Wahutu bila kujali chama. MDR na PL, chama kingine cha upinzani, vikapasuka, kila kimoja kikawa na tawi la "Power" lililofuata umoja huo wa Wahutu. Watu wa kati hawakushindwa kwa hoja. Walipasuliwa na woga. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilipoangushwa tarehe 6 Aprili 1994 ikitokea Dar es Salaam, waliouawa katika saa za mwanzo ni pamoja na Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na mkuu wa Mahakama ya Katiba, wote Wahutu. Siku mbili baada ya ndege kuanguka, serikali ya muda ilikuwa imeundwa, na ilitumia lugha ya katiba. Mapanga yalikuwa yameshafika: kati ya Januari 1993 na Machi 1994 yaliingizwa nchini 581,000, kama zana za kilimo, kwa vibali.

Kuna njia nyingine ya kukabidhi nchi, isiyo na mkutano wala baraza. Taliban walipojitokeza Kandahar, Afghanistan, mwaka 1994, wafanyabiashara wa malori waliwalipa wafungue barabara iliyojaa vizuizi vya wababe waliotoza ushuru kila kilomita chache. Watu walishangilia barabara kufunguliwa. Miaka miwili baadaye, Septemba 1996, Kabul ilikuwa mikononi mwao. Kila kizuizi kisicho na stakabadhi kati ya Kasulu na Kibondo, kila mfuko wa mahindi unaotozwa mara mbili, unamwandalia mtu wa namna hiyo makofi. Vizuizi vya mazao viorodheshwe, vile visivyo na sheria ndogo ya halmashauri viondolewe, na risiti iwe ya mashine.

Na msije mkadhani dawa ni mkono mzito. Kiongozi wa Boko Haram, Mohammed Yusuf, aliuawa mikononi mwa polisi Maiduguri, Nigeria, Julai 2009 bila kufikishwa mahakamani. Kundi lilirudi mwaka uliofuata likiwa katili zaidi, na likiwa na jambo la kweli la kulalamikia. Mhubiri au mwanasiasa wa chuki ashtakiwe, asikilizwe, ahukumiwe mbele ya watu wake, familia yake ikijua alipo.

Waheshimiwa, mtatuuliza mkuu wa wilaya anaweza nini ikiwa juu kumeoza. Mkoa wa Butare, Rwanda, ulikuwa na mkuu wa mkoa aliyeitwa Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee mwenye cheo hicho. Nchi ilipowaka tarehe 7 Aprili 1994 alitembelea maeneo yake, akaitisha mikutano, akawaunga mkono wakuu wa komini (maeneo ya utawala ndani ya mkoa) waliokataa mauaji. Sehemu kubwa ya Butare ilitulia kwa karibu wiki mbili, watu wakakimbilia huko. Ilibidi serikali imfukuze kazi, na rais wa muda aje mwenyewe tarehe 19 Aprili kuhutubia, ndipo mauaji yakaanza kwa ukubwa. Baadaye naye aliuawa. Mkuu wa komini ya Taba, Jean-Paul Akayesu, naye alizuia mauaji siku za kwanza; baada ya kikao cha viongozi cha 18 Aprili aligeuka, na mwaka 1998 Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wote wawili walikuwa wakuu wa serikali katika maeneo yao, na amri zilitoka kwa watu walewale.

Kwa hiyo ombi letu la mwisho linawahusu ninyi binafsi. Waandikieni watendaji wenu waraka mmoja, wa ukurasa mmoja, unaosema kwamba amri ya mdomo ya kuandikisha, kukusanya au kumwondoa mtu kwa kabila, dini au asili haitekelezwi mpaka ije kwa maandishi, na kwamba mtendaji atakayeikataa atalindwa na ofisi. Waraka huo usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unakiliwe kwenye daftari la kijiji, na nakala ibaki shuleni. Sisi tuko tayari kusaidia kuuandika, na kufundisha historia hii kwa watendaji wa kata siku yoyote ya Jumamosi mtakayotupangia, bila posho.

Tunaomba majibu kabla ya vikao vya bajeti vya halmashauri, kwa kuwa ubao wa matangazo, mashine za risiti na daftari la ulinzi shirikishi vinahitaji kifungu cha fedha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa historia na uraia, shule za sekondari,
Mkoa wa Kigoma

Nakala: Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Ofisa Uhamiaji wa Mkoa, vyama vyote vya siasa mkoani, viongozi wa dini, vituo vya redio vya jamii.